Mama anataka ya dukani, binamu anataka tuunde wenyewe

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikikusoma muda mrefu ila sijawahi kukuandikia. Leo nimefika njia panda, na watu wawili ninaowapenda wananivuta kila mmoja upande wake.

Tangu nipate mshahara wa kwanza nimekuwa nikiweka pembeni pesa ya kompyuta ya gemu. Miaka yote nimecheza kwenye simu na kwenye laptopu ya kazini (bosi asijue), sasa nataka mashine yangu mwenyewe, ikae mezani. Nacheza mpira, nacheza Valorant na wenzangu usiku, na kuna zile gemu kubwa za hadithi ambazo laptopu ikizifungua feni zinapiga kelele hadi chumba cha pili. Pesa imetimia. Kilichobaki ni kuamua tu, na hapo ndipo nyumbani pamewaka moto.

Dukani nimeiona moja iliyoundwa tayari. Ubavuni ina kioo, feni zinawaka rangi zote. Karatasi yake imeandikwa hivi: Core i7-14700F, RTX 4060, RAM GB 16, SSD TB 1, pawa saplai (ile inayogawa umeme ndani) wati 500, Windows 11 imeshawekwa, waranti mwaka mmoja kwa mashine nzima. Mama ameipenda kwa hiyo waranti. Anasema ikiharibika unaibeba nzima nzima unairudisha, na atakayehangaika ni mwenye duka.

Binamu yangu, ambaye ameunda yake na za marafiki zake kadhaa, alipoisoma ile karatasi alicheka mpaka nikaona aibu. Kwake yeye kununua iliyoundwa ni kuibiwa mchana kweupe. Akaniandalia orodha: Ryzen 5 7600, ubao mama wa B650, kadi ya RX 7700 XT, RAM ya DDR5-6000 GB 32 vijiti viwili, SSD ya NVMe TB 1, na kasha la kawaida lenye feni tatu. Pawa saplai amesema nisinunue, atanipa ile aliyoitoa kwenye mashine yake ya zamani, nyaya zake amezikusanya kwenye boksi. Jumla yake inapungua kama sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya dukani.

Shida ni kwamba mimi sijawahi kuunda. Niliwahi kufungua laptopu ya zamani nikapuliza vumbi, nikaifunga, ikawaka. Basi. Nimetazama video za watu wakifunga prosesa kwenye soketi, na mikono inayotoka jasho ni yangu mimi niliyekaa kitandani. Nikipinda pini, nani atanirudishia? Na kama binamu ndiye ataunda, halafu ikagoma baada ya miezi mitatu, nitamlaumu vipi mtu aliyenifanyia bure? Tulishawahi kununiana kwa ajili ya baiskeli aliyonitengenezea.

Mama anasema mtu mzima hununua kitu chenye risiti moja. Binamu anasema nikinunua ile ya dukani nisimwite tena kuja kuniangalizia chochote. Kioo cha kutazamia, yaani monita, nitatumia kile cha zamani kilichopo nyumbani, inchi 24, 1080p, 60 Hz, bado kizima.

Nimsikilize nani?

Mwanao,
Njia Panda

*

Marahaba mwanangu.

Umenieleza kwa kirefu kila kilichomo ndani ya kasha, halafu kioo ukakipa mstari mmoja pale mwishoni. Naanza na mstari huo.

Kioo cha 60 Hz hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hakizidishi hata kwa dawa. Kila picha inakaa mbele yako kama milisekunde 16.7 ndipo inakuja nyingine. Kadi ya michoro iwe inatoa fremu (yaani picha) 90 kwa sekunde, iwe inatoa 250, kioo kinabadilika mara 60 zilezile. Valorant ni gemu nyepesi. Hiyo RTX 4060 ya dukani inaisukuma kwa mamia ya fremu kwenye 1080p, na kadi ya binamu vilevile. Kwa hiyo usiku mnapocheza, mashine anayoitaka mama na mashine anayoitaka binamu zingekuonyesha karibu kitu kilekile. Labda kipanya kingeitikia upesi kidogo, lakini picha ni zilezile. Ugomvi wote huo, na kioo cha nyumbani kimeshawasuluhisha!

Monita ya 144 Hz inashusha milisekunde hizo hadi 6.9, na hilo utaliona siku ya kwanza, mara tu utakapogeuka haraka kumtafuta adui. Kwenye gemu za hadithi si lazima, fremu 60 zilizotulia zinatosha kabisa. Lakini wewe usiku wako ni wa Valorant. Basi kabla hujaamua kununua au kuunda, toa kwanza pesa ya monita ya 144 Hz au zaidi. Kinachobaki ndicho bajeti yako ya kompyuta.

Najua umeshaanza kuguna kwamba hakitatosha. Kitatosha, ila lazima mtu mmoja apunguzwe, na wa kwanza kupunguzwa ni ile i7.

Core i7-14700F ina kori 20, yaani vichwa 20 vya kufanya kazi kwa pamoja. Ni prosesa ya mtu anayehariri video mchana kutwa. Kwako wewe, ikiwa imefungwa pamoja na RTX 4060, muda mwingi itakuwa imekaa inaisubiri kadi imalize kuchora. Duka limeiweka kwa sababu "i7" ndilo neno ambalo mteja anaingia nalo mlangoni. Kwenye mashine ya gemu, kadi ya michoro ndiyo inayopaswa kula fungu kubwa la pesa, na hapa fungu hilo limepelekwa kwingine. RTX 4060 ilitoka 2023, ina GB 8 za kumbukumbu yake yenyewe. Hizo gemu kubwa za hadithi, ukizipandisha mipangilio ya juu, nyingi zinazijaza hizo GB 8 hata kwenye 1080p. Zikijaa, gemu inaanza kukwamakwama kila unapoingia sehemu mpya. RX 7700 XT ya binamu ina GB 12 na ina nguvu zaidi kwa uchoraji wa kawaida. Sitaki kumpamba kupita kiasi: NVIDIA, wenye hiyo RTX, bado wako mbele kwenye miale ya mwanga (ile ya kuiga vivuli na mng'ao halisi), na DLSS yao, inayokuza picha ili fremu ziongezeke, ni nzuri kweli. Lakini kwa gemu ulizozitaja, hapo binamu amepatia.

Kuna na hili. Mwaka 2024 Intel, watengenezaji wa hiyo i7, walikiri kwamba baadhi ya prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa na tatizo la kuyumba, wakatoa rekebisho linalowekwa kupitia BIOS, ile programu ndogo ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows. Likiwekwa mapema, mashine iko salama. Ila imekaa dukani muda gani, na nani ameigusa BIOS yake? Halafu soketi ya prosesa hiyo, LGA1700, imefika mwisho. Kizazi kilichofuata cha mezani kilihamia soketi nyingine tangu 2024. AM5, soketi ya Ryzen ya binamu, ilianza 2022, na AMD wanaoitengeneza wameahidi kuitunza hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo miaka michache ijayo unaweza kuchomoa prosesa, ukaweka mpya kwenye ubao uleule.

Lakini kinachonitia shaka zaidi kwenye karatasi ile ni yale isiyoyasema. RAM GB 16: kijiti kimoja au viwili? Kijiti kimoja kinaifanya prosesa ipokee data kwa njia moja wakati imejengwa kupokea kwa njia mbili, na kuna gemu zinazolihisi hilo waziwazi. Pawa saplai wati 500: ya nani? Mtengenezaji anayejivunia pawa saplai yake jina lake hutajwa, maana linauza. Ubao mama hata haukutajwa. Kuna kampuni zinazotengeneza ubao na pawa saplai kwa umbo na plagi zao wenyewe, nje ya kipimo cha ATX ambacho dunia imekitumia tangu 1995. Siku ukitaka kubadilisha pawa saplai unakuta ya kawaida haichomeki. Ukisema ubadilishe na ubao, unakuta kasha nalo haliukubali.

Mtumie muuzaji ujumbe wa maandishi, usimpigie, ili majibu yabaki. Muulize jina na modeli ya pawa saplai, RAM ni vijiti vingapi, ubao ni modeli gani na je ni wa kipimo cha ATX, na nikifungua kasha kuongeza RAM au SSD waranti inakufa au haifi. Hilo la mwisho mama yako naye angependa kulijua. Muuzaji anayeijua bidhaa yake atakujibu bila kusumbuka. Akikuambia "usijali, ni nzuri tu", basi unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa nimgeukie binamu, maana naye hajatoka salama.

Hiyo pawa saplai ya bure ikatae. Ikatae kwa upole, lakini ikatae. Hujui imefanya kazi miaka mingapi, na ndani yake kuna kapasita zinazochoka kwa joto na umri hata kama kwa nje inang'aa. Ila kilichonistua zaidi ni ulipoandika kwamba nyaya zake amezikusanya kwenye boksi. Kwa pawa saplai ambazo nyaya zinachomoka, ule mwisho wa waya unaoingia kwenye diski au kwenye kadi ndio wenye kipimo cha wote. Mwisho unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe hauna. Kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Plagi inaingia vizuri kabisa, inabana, hakuna kinachokuonya. Unawasha, na mahali palipohitaji volti 5 panapokea 12. Diski inakufa palepale, mara nyingine bila hata moshi wa kukuaga. Mtu anayeunda mashine za wenzake kwa nyaya za kwenye boksi amekuwa na bahati, na bahati yake usiijaribie pesa zako.

Nunua mpya, ya jina linalojulikana, wati 650. Hesabu yake ni hii: RX 7700 XT imekadiriwa wati 245, Ryzen 5 7600 inafika kama 88, ubao, RAM, SSD na feni tuzipe 60 hadi 70. Jumla inacheza kwenye 400. Kadi za siku hizi hurukaruka juu ya makadirio yake kwa vipande vya sekunde, ndiyo maana unahitaji nafasi ya kupumulia. Utaona nembo ya 80 Plus. Gold inamaanisha kwamba kwenye nusu ya mzigo angalau asilimia 90 ya umeme iliouvuta ukutani inafika kwenye mashine, unaobaki unageuka joto. Nembo hiyo inapima upotevu tu. Haikuambii kama pawa saplai itajizima yenyewe mambo yakiharibika, kwa hiyo angalia pia urefu wa waranti: zilizo nzuri hutolewa na waranti ya miaka 5, 7, hata 10, na hakuna kampuni inayoahidi hivyo kwa kitu inachokiogopa. Sehemu nyingine ikifa, mara nyingi inakufa peke yake. Pawa saplai mbovu inaweza kuondoka na wenzake.

Jingine ambalo binamu amelisahau ni leseni ya Windows. Ya dukani inayo, kwenye orodha yake haimo. Usije ukashawishika kukwepa kwa kuweka Linux, mfumo wa bure. Kwa gemu nyingi za duka la mtandaoni la Steam, Linux siku hizi ni nzuri kweli, lakini Valorant haichezeki huko, kwa hiyo wenzako wangekupoteza.

Piga hesabu upya sasa: ongeza pawa saplai mpya, ongeza leseni. Ile sehemu moja ya kumi uliyokuwa unaiokoa imeyeyuka, au imebaki ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo habari ya kuibiwa mchana kweupe tuiache. Suala limekuwa pesa ileile, unapata nini ndani.

Na hata mtu asikuapie kwamba kuunda ni nafuu siku zote. Mwaka 2021 kadi za michoro zilikuwa adimu kwa sababu wachimbaji wa sarafu za kidijitali walikuwa wanazizoa, na mtu aliyetaka kadi kwa bei ya kueleweka mara nyingi aliipata ndani ya mashine iliyokwisha kuundwa. Hali ilikuja kutulia, na Septemba 2022 Ethereum ikaacha kabisa uchimbaji wa aina hiyo. Mwishoni mwa 2025 ikawa zamu ya RAM: viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia, na bei za vijiti zikapaa. Duka lililounda mashine zake kwa RAM ya zamani linaweza kukuuzia kwa nafuu kuliko ungeinunua RAM yenyewe leo. Linganisha kwa bei za juma unalonunua. Orodha ya mwezi uliopita imeshachacha.

Hoja ya mama yako ni ya maana kuliko binamu anavyoichukulia. Risiti moja ni raha. Ikigoma, hutafuti nani mkosaji, unaibeba tu. Ukiunda, kila sehemu ina waranti yake, na nyingi ni ndefu kuliko mwaka mmoja: RAM za kampuni nyingi zinadhaminiwa maisha, ubao na kadi mara nyingi miaka miwili au mitatu. Kazi inayokuangukia wewe ni kujua ni ipi iliyokufa, na hiyo ni kazi kweli. Faida yake ni kwamba unatuma kijiti cha RAM peke yake, wakati wa dukani anakaa majuma bila mashine nzima na mafaili yake yote yako mikononi mwa watu. Mwambie mama kwamba risiti zitakuwa nyingi lakini zote zitakaa kwenye bahasha moja, na maboksi hutayatupa. Kwa akina mama hilo la kutotupa maboksi huwa linaeleweka haraka.

Umeniuliza utamlaumu vipi mtu aliyekufanyia bure. Hutaweza, na ndiyo sababu asikuundie. Bisibisi ushike wewe. Yeye mwombe aje, akae karibu, aelekeze kwa mdomo. Mwambie mapema kabisa, mchana, kabla maboksi hayajafunguliwa: "Kaka, nataka nijifunze, nikikosea niambie, lakini usininyang'anye." Sehemu zote ununue kwa jina lako. Ikigoma baadaye, utakuwa umeshajua kila waya unatoka wapi na unaingia wapi, na ukimwita utakuwa unamwomba mawazo, hutakuwa unamdai. Ya baiskeli yalitokea kwa sababu yeye alifungua na kufunga, wewe ukapokea.

Kwa hiyo, mwanangu, mashine ile ya dukani kwa karatasi ile usiinunue. Unda. Orodha ya binamu ichukue, toa pawa saplai yake, ongeza leseni na monita. Pesa ikipelea, shusha SSD hadi GB 500. Kuongeza ya pili baadaye ni skrubu moja tu, wakati kadi dhaifu ni kuuza na kununua upya. Ikipelea bado, subiri mshahara mmoja. Lakini kama muuzaji atajibu maswali yote vizuri, akakubali kukuwekea i5, RAM vijiti viwili na kadi yenye GB 12 kwa pesa ileile, nunua ya kwake na wala usimwonee haya binamu. Mashine hiyo itakuwa nzuri, na utacheza jioni hiyohiyo.

Tuje kwenye hayo majasho ya mikono.

Kwenye AM5 pini haziko kwenye prosesa, ziko kwenye soketi ya ubao. Prosesa yenyewe chini ni bapa. Kinachoziharibu pini hizo ni kuangushiwa kitu, au kidole au kitambaa kilichopita hapo. Kwa hiyo usikifungue kifuniko cha soketi mpaka prosesa iwe tayari mkononi. Kwenye kona moja ya prosesa kuna pembetatu ndogo ya dhahabu, na kwenye soketi kuna mwenzake. Zikutanishe, ishushe, iachie. Usisukume hata kidogo, inakaa yenyewe. Kisha shusha kile kichuma cha pembeni. Kitakuwa kigumu, kitatoa mlio kama kinasaga kitu, na moyo utakudunda. Ni kawaida yake, endelea kukishusha. Kile kifuniko cheusi cha plastiki kitaruka chenyewe. Usikitupe, kitunze kwenye boksi la ubao, maana siku ukitaka kudai waranti ya ubao watakutaka ukirudishie kwenye soketi.

Kipoza joto kinakuja na hiyo Ryzen 5 7600 ndani ya boksi, na pesti ya kupitisha joto imeshapakwa chini yake, kwa hiyo usiiguse na usiongeze nyingine. Kaza skrubu zake nne kwa mshazari, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. RAM ziweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, bonyeza mpaka zilie. Mengine, kufunga ubao kwenye kasha na kupanga nyaya, ni bisibisi na subira. Hapo ndipo binamu atakapokufaa, hasa kwenye zile pini ndogondogo za kitufe cha kuwashia ambazo zimewekwa pembeni kabisa kama vile aliyezibuni hakuwa na vidole.

Kuna mtego mmoja wa mashine hii hasa. Ryzen 5 7600 ina michoro midogo ya ndani, kwa hiyo ukichomeka waya wa monita kwenye ubao, picha itatokea vizuri tu. Utafurahi, utaweka Windows, utafungua gemu, na inaweza kuwa nzito kuliko ya kwenye laptopu, huku kadi yako ya pesa zote hizo imekaa haina kazi. Waya wa monita uingie kwenye kadi, chini kule.

Siku ya kwanza ukibonyeza kuwasha, feni zitazunguka na kioo kitabaki cheusi. Kitabaki cheusi muda wa kukutisha, dakika kadhaa. AM5 ikiona RAM mpya huanza kuijifunza kwanza kabla ya kuonyesha chochote, na watu wengi wamekata umeme hapo wakidhani wameua kitu. Nenda kanywe maji. Ikiamka, ingia BIOS uwashe EXPO, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, la sivyo hiyo RAM iliyoandikwa 6000 itakwenda kwa kasi ya chini, mara nyingi 4800. Hukohuko hakikisha TPM na Secure Boot, vipengele viwili vya usalama, vimewashwa, Valorant kwenye Windows 11 inavidai vyote viwili. Ukishaweka Windows, nenda kwenye mipangilio ya kioo upandishe hadi 144 Hz, kwa sababu mara nyingi yenyewe inabaki 60 na haikuambii.

Ikipita robo saa kioo bado ni cheusi, angalia ubao wako kama una taa ndogo nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, nyingi za B650 zinazo. Ikiwa iliyobaki inawaka ni ya DRAM, zima umeme, chomoa vijiti vyote viwili, rudisha kimoja tu kwenye nafasi ya pili, ukibonyeze mpaka kilie, uwashe, usubiri tena. Ikigoma, jaribu na kile kingine. Ukikwama hapo niandikie taa ipi inawaka na ubao ni modeli gani. Usije ukaniandikia "haiwaki" peke yake.